Fremu ya Mbao ya Bango la LED: Mwongozo Kamili, Kutoka Mezani Hadi Ukutani

Karibu kila wiki napokea kwenye simu picha ya aina ileile. Bango la maandishi yanayotembea linawaka, maneno yanasomeka, lakini paneli moja imejitokeza mbele kama jino lililoota pembeni, au kati ya paneli ya pili na ya tatu pana mwanya unaopitisha mwanga wa dukani. Chini ya picha pana swali: "Fundi, nimekosea wapi?" Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kwanza kabisa. Mtu alisoma ukubwa wa paneli kwenye boksi, akapiga hesabu, akaenda kwa seremala na namba zake kwenye karatasi. Paneli zenyewe zikabaki nyumbani.

Fremu hufuata paneli. Mengi yatakayofuata hapa yanatokana na hilo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: bango la paneli 8 za P10 za rangi moja, 4 kwa upana na safu 2. Paneli moja ya P10 ina upana wa mm 320 na kimo cha mm 160. Ina taa 32 kwa 16 zilizoachana mm 10, na hiyo 10 ndiyo iliyo kwenye jina lake. Nane kwa pamoja zinatoa mm 1280 kwa 320. Mtu aliye ng'ambo ya barabara husoma bila shida. Aliyesimama hatua tatu mbele ya mlango huona vidoti tu, kwa hiyo usilaumu fremu kwa hilo. Bango lako likiwa na paneli pungufu au zaidi, badilisha hesabu na ufuate utaratibu huuhuu.

## Soma hili kabla ya kununua mbao

Fremu hii ni ya barazani, chini ya paa. Paneli nyingi zinazouzwa madukani ni za nusu nje: uso wake unavumilia matone machache, lakini mgongo ni sakiti tupu isiyo na kinga. Kama bango lako litasimama juani na mvuani kwenye nguzo kando ya barabara, mbao si kazi yake. Tafuta paneli za nje zilizofunikwa kwa utomvu, na fremu ya chuma.

Uliza pia halmashauri yako, iwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, kuhusu kibali na ada ya bango kabla ya kuning'iniza chochote kinachotazama barabara. Ni rahisi kuliko kuja kulishusha.

## Vifaa

Mbao na vya kufungia:

- Mbao ya 1 kwa 6, futi 12, kipande kimoja (boksi)
- Mbao za 1 kwa 2, futi 12, vipande viwili (reli na nguzo)
- Mbao ya 1 kwa 4, futi 4 (ya kuning'inizia)
- Plaiwudi ya mm 6, kipande cha mm 1328 kwa 368 (mgongo)
- Skrubu za mbao zilizopakwa zinki, inchi 1¼, 1½ na 2
- Skrubu za mashine za mm 30 zinazoingia kwenye nati za paneli zako (nyingi ni M3, baadhi M4), pamoja na washa pana
- Gundi ya mbao isiyoogopa maji, praima na rangi ya mafuta, silikoni, wavu wa mbu wa dirishani, vipande viwili vya bati

Vya umeme:

- Paneli 8 na kadi ya kuendeshea yenye matundu mawili ya data
- Pawa saplai (kifaa kinachoshusha umeme wa nyumbani) ya volti 5, ampea 40
- Waya bapa za data 8, na waya za umeme za paneli
- Waya wa mm² 2.5, mwekundu na mweusi
- Waya wa nyuzi tatu wa umeme wa nyumbani, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3

Zana: msumeno, randa, skwea, futi, pima maji, drili na biti za mm 3, 5 na 25, bisibisi, msasa namba 120, mita ya kupimia umeme. Ongeza boksi kubwa la katoni, lolote, hata la sabuni. Hilo usilisahau. Nitaeleza.

Kwa nini ampea 40? Paneli ya P10 ya rangi moja, taa zote zikiwaka kwa nguvu zote, inaweza kula hadi ampea 4. Mara 8 ni 32. Zinazobaki ni za kuifanya pawa saplai isichemke. Fundi atakayekuambia ampea 20 zinatosha kwa sababu maandishi hayawashi taa zote kwa pamoja anasema kweli, mpaka siku utakapoweka tangazo lenye mandhari iliyojaa taa.

## Hatua ya 1: Washa kila kitu mezani

Usikate mbao kabla hujaona paneli zote 8 zikiwaka. Paneli mbovu ukiigundua ikiwa kwenye fremu, utafungua kazi ya siku mbili.

Tazama kwanza ubavuni mwa pawa saplai. Nyingi zina kitundu chenye swichi ndogo ya kuteleza, yenye 115 na 230 (au 110 na 220). Umeme wetu ni volti 230. Kama swichi iko kwenye 115, isogeze kwa bisibisi bapa kabla ya kuchomeka. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu, kisha harufu.

Waya mwekundu uende kwenye V+, mweusi kwenye V-. Ukizibadilisha kwenye paneli, paneli imekufa na haina mazishi ya heshima. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha paneli yoyote: usomaji uwe kati ya volti 5.0 na 5.1. Kwenye pawa saplai kuna skrubu ndogo ya plastiki ya kurekebishia.

Kama hujawahi kushika waya wa volti 230, mwite fundi umeme kwa sehemu hii na kwa Hatua ya 8. Useremala fanya mwenyewe.

## Hatua ya 2: Panga, pima, chukua kielelezo

Hapa ndipo penye bango zuri au baya.

Tandika blanketi juu ya meza iliyonyooka. Laza paneli zote kifudifudi, 4 kwa 2, zikigusana. Nyuma ya kila paneli kuna mishale: mmoja unaonyesha juu, mwingine unaonyesha data inakoelekea. Mishale yote itazame sawa. Paneli moja ikigeuzwa, maandishi yake yatasomeka miguu juu, na utagundua ukiwa juu ya ngazi.

Zisukume kwa kiganja mpaka zibanane, kisha pima upana katika sehemu tatu: juu, katikati, chini. Fanya hivyo kwa kimo pia. Usishangae ukipata 1281 au 1282 badala ya 1280. Kila paneli ina kauli yake ndogo, na nne kwa pamoja zinasikika. Chukua kipimo kikubwa kuliko vyote na uongeze mm 4, yaani mm 2 kila upande. Mimi nitaendelea na 1284 kwa 324. Wewe tumia chako.

Mwanya huo ni wa lazima. Mbao haisogei karibu kabisa kwa urefu wake, ila kwa upana na unene huvimba masika na kunywea kiangazi. Ukiikaza fremu kwenye paneli bila mwanya, kitakachokubali kusogea ni plastiki.

Sasa lile boksi la katoni. Likate uwe na kipande kinachofunika paneli mbili, moja ya juu na moja ya chini yake. Kilaze juu ya migongo ya paneli hizo, uelekeze kona zake kwenye kona za paneli, kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya vile vimiguu vya plastiki vyenye nati ya shaba. Katoni itabonyea na kuacha duara dogo kila penye nati. Toboa katikati ya kila duara kwa penseli. Halafu chora mahali penye soketi za data (mara nyingi ziko kuelekea ncha za kulia na kushoto) na soketi ya umeme. Andika JUU kwa herufi kubwa.

Hicho ndicho kielelezo chako. Nafasi za matundu hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo kielelezo cha jirani kitakupotosha. Kwenye fremu yangu ya kwanza sikuwa na kielelezo. Nilifunga reli wima kwenye maungio ya paneli, zikakaa nzuri ajabu, kisha nikashika waya bapa mkononi na kukuta reli zimefunika soketi zote za data. Nilizing'oa moja baada ya nyingine mteja akiwa amekaa kwenye kigoda ananitazama. Hakusema kitu. Ingekuwa afadhali angesema.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuweka kielelezo juu ya jozi yoyote ya paneli zako na nati zote zikachungulia kwenye matundu.

## Hatua ya 3: Mbao

Huku kwetu utaletewa paina au saipresi, nyingi zikitoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Meru. Nyingine ni paina kutoka Mufindi. Nikiwa na hiari nachukua saipresi: haijipindi sana ikikauka, na wadudu hawaipendi kama wanavyopenda paina. Mgrivea unafaa pia. Mninga au mkongo ni uharibifu wa pesa kwa kitu kitakachopakwa rangi, tena ni mzito.

MDF (mbao za unga wa miti uliogandamizwa kwa gundi) na mbao za vumbi achana nazo kabisa. Ukungu wa Juni pale Arusha unatosha kuzivimbisha.

Mbao zenye dawa, zile za kijani, ni sawa, ila dawa yake mara nyingi ina arseniki. Vaa barakoa unaporanda, osha mikono, na vipande vilivyobaki visiende jikoni kupikia ndizi.

Tatizo kubwa ni mbao mbichi. Mbao nyingi zinafika kwa muuzaji wiki chache tu baada ya kupasuliwa. Ukiifunga ikiwa hivyo, reli itajizungusha ikikauka na kuzivuta paneli pamoja nayo. Ndiyo yale meno yanayojitokeza kwenye picha mnazonitumia.

"Mzee, shikamoo. Hii imekauka?" nilimuuliza muuzaji mmoja mara ya mwisho. "Marahaba. Imekauka, kijana, imekaa hapa sana." Sikubishana naye. Nilikata kipande cha mm 300 kwenye ncha ya 1 kwa 6 na kukipeleka kwenye mizani ya dijitali ya jirani anayeuza viungo. Gramu 780. Wiki iliyofuata 640. Kisha 560, kisha 535, kisha 530, na wiki ya baada ya hapo 530 tena. Uzito ukikoma kushuka, hapo ndipo imekauka. Mbao nyingine zilikuwa zimepangwa kivulini na vijiti kati yake ili hewa ipite pande zote, na tofali mbili juu ili zisijikunje. Usizianike juani: zitapasuka ncha.

Ukienda kununua, inua mbao uitazame kwa jicho moja kuanzia ncha, kama mtu anayelenga manati. Iliyojizungusha irudishe. Randa haiwezi kuinyoosha ikabaki na unene wa kutosha.

## Hatua ya 4: Boksi

Randa mbao zote. 1 kwa 6 itabaki na unene wa mm 22 na upana wa mm 140 hivi, 1 kwa 2 itabaki mm 22 kwa 45. Kama zako zimebaki mm 20, tumia 20 kila nilipoandika 22.

Kutoka kwenye 1 kwa 6 kata:

- vipande 2 vya mm 1328 (juu na chini), yaani 1284 na unene wa mbavu mbili
- vipande 2 vya mm 324 (mbavu)

Kipande cha juu kinalala juu ya mbavu, hakikai kati yake. Sababu ni maji: ncha za mbao hunywa maji kama mrija, na hapa ncha za mbavu zinafichwa chini ya ubao wa juu.

Paka gundi, toboa kwanza kwa biti ya mm 3 ili ncha zisipasuke, kisha skrubu tatu za inchi 2 kila kona. Kabla gundi haijakauka pima ulalo, kona hadi kona, pande zote mbili kwa ndani. Kwa vipimo vyangu kila ulalo unatoka mm 1324. Zikitofautiana zaidi ya mm 1, sukuma kona ya ulalo mrefu mpaka zilingane. Skwea pekee haitoshi kwa boksi refu hivi. Ulalo haudanganyi.

Acha usiku mzima.

## Hatua ya 5: Nguzo na reli

Paneli hazikai kwenye boksi moja kwa moja. Zinashikwa na reli tatu za mlalo, na reli zinashikwa na nguzo nne za wima zilizo nyuma yake.

Kwa nini mlalo? Nati za paneli ziko kando ya kingo za juu na chini, soketi za data ziko kuelekea ncha. Reli ya mlalo inapita juu ya nati na kuacha soketi wazi. Reli ya kati, yenye upana wa mm 45, inashika nati za chini za safu ya juu na nati za juu za safu ya chini kwa pamoja. Hakiki kwenye kielelezo: kama nati zako zimesogea ndani zaidi, utahitaji reli pana au reli mbili hapo kati.

Kwanza tafuta mahali pa nguzo kwa kina. Pima unene wa paneli kutoka uso hadi juu ya vimiguu vya nati. Tuseme ni mm 15. Ongeza mm 22 za reli na mm 5 ili uso wa paneli ujifiche kidogo nyuma ya ukingo wa boksi. Jumla mm 42. Chora mstari kuzunguka ndani ya boksi, mm 42 kutoka ukingo wa mbele. Nyuso za nguzo zote nne ziishie hapo.

Nguzo mbili za pembeni (mm 324) zifunge kwenye mbavu kwa gundi na skrubu za inchi 1¼, zikitokeza ndani kwa ule unene wa mm 22, si kwa upana wake, ili zisizibe soketi za paneli za mwisho. Nguzo mbili za kati zilaze bapa, uzifunge kwa skrubu za inchi 2 kupitia ubao wa juu na wa chini. Zisiangukie maungio ya paneli (mm 320, 640 na 960 kutoka kushoto), maana hapo soketi za data zinapakana. Katikati kabisa ya paneli mara nyingi kuna soketi ya umeme, pia epuka. Tafuta palipo wazi kwenye kielelezo, takriban nyuma ya paneli ya pili na ya tatu.

Sasa kata reli tatu za mm 1284 na uzilaze mahali pake bila kuzikaza. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya reli zote tatu, wima kisha kimshazari. Mwanga ukipita chini ya rula, tafuta nguzo iliyo chini na uiinue kwa kipande cha kadi ngumu, au irande iliyo juu. Chukua muda wako hapa. Kosa dogo kwenye reli litaonekana kwenye maungio ya paneli.

Kwa kielelezo cha katoni, hamisha nafasi za nati kwenye reli, jozi moja ya paneli baada ya nyingine. Anza kupima kutoka mm 2 za mwanya wa kushoto, na uweke mstari wa kila ungio kutoka kwenye kipimo chako halisi cha Hatua ya 2, si kile kilichoandikwa kwenye boksi la paneli.

Toboa kwa biti ya mm 5, hata kama skrubu ni ya M3. Tundu kubwa lenye washa pana linakupa nafasi ya kusogeza paneli kidogo huku na huku unapoifunga, na linaipa mbao nafasi ya kupumua. Wanaotoboa mm 3 kwa kutaka unadhifu ndio wanaoishia kulazimisha skrubu mpaka nati ya shaba inang'oka kwenye plastiki.

Kaza reli kwenye nguzo kwa skrubu za inchi 1½, bila gundi. Siku moja utataka kuzitoa.

## Hatua ya 6: Hewa, wadudu, rangi

Kabla ya rangi, toboa matundu sita ya mm 25 kwenye ubao wa chini, nyuma ya reli, na matatu kwenye kila ubavu karibu na juu. Hewa baridi iingie chini, moto utoke juu pembeni. Ubao wa juu usiutoboe hata tundu moja.

Kila tundu lifunikwe wavu wa mbu kwa ndani. Nilipuuza hili kwenye bango moja la Moshi. Miezi mitatu baadaye lilizima. Nikafungua mgongo na kumkuta mjusi kafiri amelala juu ya vituo vya volti 230 vya pawa saplai, amekauka kama dagaa, mkia kwenye L (waya wa moto) na kichwa kwenye N (nyutro). Alifuata joto na mende. Pawa saplai haikupona.

Rangi: msasa, praima, koti mbili za rangi ya mafuta. Ncha za mbao zipate koti ya tatu. Ukingo wa mbele na sehemu inayoonekana ndani paka nyeusi isiyong'aa, herufi zitasomeka vizuri zaidi. Juu na mbavu paka rangi nyepesi, maana bango jeusi zima kwenye joto la Moshi la Februari ni tanuri.

## Hatua ya 7: Kufunga paneli

Skrubu ya mm 30 inapita mm 22 za reli, mm 1 ya washa, na kubakiza kama mm 7 za kuingia kwenye nati. Kabla ya kufunga, chukua paneli moja mkononi na uingize skrubu kwa vidole ukihesabu inaingia kiasi gani mpaka inagota. Ikigota kabla ya mm 7, ongeza washa. Skrubu ndefu mno husukuma sakiti kutoka nyuma, na utaona safu ya taa imezima bila sababu.

Laza fremu chali kwenye vigoda viwili ili ufikie nyuma kwa chini. Anza na paneli mbili za katikati za safu ya juu, kisha za chini yake, halafu malizia pembeni. Ukianzia kona moja, makosa madogo yanajikusanya yote kwenye kona ya mwisho. Ingiza skrubu zote zikiwa zimelegea. Paneli zote 8 zikishaingia, pitisha kiganja juu ya maungio. Kidole kinahisi kidaraja ambacho jicho halioni. Sogeza, kisha kaza kwa bisibisi ya mkono, kimshazari, kama nati za gurudumu la gari. Drili weka kando.

Utajua umepata ukiweka rula kwenye uso wa paneli isitikisike popote, na mwanya wa kuzunguka ukiwa mm 2 hivi pande zote.

## Hatua ya 8: Umeme ndani ya boksi

Hili ni boksi la mbao lenye volti 230 ndani. Lichukulie hivyo.

Pawa saplai isiguse mbao. Ikaze kwenye kipande cha bati, na bati likae kwenye nguzo za kati juu ya vipande vidogo vya kuliinua mm 10. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ufike kwenye kituo cha ethi cha pawa saplai na kwenye bati. Plagi nyingi zinauzwa na fyuzi ya ampea 13. Mzigo huu hauzidi sana ampea 1 upande wa volti 230, kwa hiyo weka ya 3. Fyuzi ya 13 itatulia tu huku waya wako ukiyeyuka.

Upande wa volti 5, usipeleke umeme paneli ya kwanza kisha uruke hadi ya mwisho kwa waya mmoja mwembamba. Toa jozi nne za waya wa mm² 2.5 kutoka pawa saplai, kila jozi ilishe paneli mbili. Hesabu yake ni hii: waya wa shaba wa mm² 1 wenye urefu wa mita 1, kwenda na kurudi, ukibeba ampea 8 unapoteza karibu volti 0.28. Wa mm² 2.5 unapoteza karibu 0.11. Kwenye volti 5 tofauti hiyo inaonekana kwa macho: paneli za mwisho zinafifia au zinaanza kuchezacheza.

Data: kutoka kadi, tundu la kwanza kwenda safu ya juu, la pili kwenda safu ya chini. Waya bapa huingia paneli kwenye mkia wa mshale na kutoka kwenye kichwa chake. Funga nyaya kwa tai za plastiki, zisining'inie juu ya pawa saplai.

Washa. Weka maandishi yanayojaza bango zima na uyaache saa mbili, kisha zima, chomoa plagi na uguse. Pawa saplai iwe ya moto wa kikombe cha chai kinachoshikika. Ungio lolote la waya lenye moto kuliko hapo lina skrubu iliyolegea. Pima volti kwenye paneli ya mbali zaidi taa zikiwa zimewaka: ikishuka chini ya 4.8, rudi kwenye nyaya.

Mwangaza kwenye programu ya simu weka asilimia 40 au 50 usiku. Majirani watakushukuru na paneli zitadumu.

## Hatua ya 9: Ukutani

Funika mgongo kwa plaiwudi iliyopakwa rangi, kwa skrubu tu, bila gundi. Pasua ile 1 kwa 4 kwa urefu, msumeno ukiwa umeinama nyuzi 45, upate vipande viwili vyenye kingo za mshazari. Kimoja kikaze mgongoni mwa fremu karibu na juu, skrubu zikipita plaiwudi na kushika ukingo wa nyuma wa ubao wa juu, ukingo wa mshazari ukitazama chini na ndani. Kingine kikaze ukutani, ukingo ukitazama juu, kwa plagi za ukutani (zile za plastiki za kushikia skrubu) za mm 10, angalau nne, kwenye tofali na si kwenye lipu au kwenye maungio. Pima maji kabla ya kukaza ya mwisho.

Watu wawili wanainua fremu, wanaishusha taratibu, vipande vinakamatana kama vidole. Kisha skrubu mbili chini zenye vibao vidogo, ili upepo au mwizi asiinyanyue. Siku ya matengenezo unatoa hizo mbili tu na bango linashuka zima. Usilining'inize kwenye pau za paa. Paa la bati hutikisika na mvua kubwa, na skrubu zitalegea moja moja.

Kimo: juu ya kichwa cha mama aliyebeba beseni kichwani, na shubiri moja zaidi.

Mwisho kunja kile kipande cha pili cha bati, cha kukinga mvua, litokeze mm 100 mbele ya ubao wa juu, na uzibe kwa silikoni mahali linapogusa ukuta. Chini usizibe chochote. Baada ya mvua kubwa ya kwanza chomoa plagi, shusha bango, ufungue plaiwudi na utazame kona za juu kwa tochi. Ukikuta alama ya maji, njia yake karibu kila mara ni nyuma, kati ya bati na ukuta. Kwangua silikoni ya zamani yote, acha pakauke siku nzima, kisha paka upya.